Kazi Ifanyikayo Gizani

(Mazungumzo ya ibada ya jioni, kama yalivyosomwa redioni)

Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache, tulitafakari neno moja tunalolisikia mara nyingi. Neno lenyewe ni giza.

Watu husema, "Zamani zile za giza." Husema, "Wazee wetu waliishi gizani." Mwanafunzi wa historia hukuta katika kitabu chake sura nzima iliyoitwa Enzi za Giza, na mwalimu humwambia kwamba hizo ni karne za Ulaya baada ya kuanguka kwa Roma. Siku hizi hata wataalamu wa nyota wanalo jina hilo hilo. Wanaposimulia habari za ulimwengu tangu mwanzo wake, wanafika mahali wanapoandika: hapa ndipo zilipokuwa Enzi za Giza.

Basi jioni hii tulitazame giza la mbinguni, kisha tulitazame giza la duniani katika habari za wanadamu. Mwisho tulitazame lile giza ambalo mtu mmoja anaweza kuwa nalo moyoni mwake, hata anaposikiliza redio wakati huu.

Tuanze na mbingu. Wataalamu wasema kwamba ulimwengu una umri wa miaka kama bilioni 13.8. Mwanzoni vitu vyote vilikuwa vimesongamana katika joto lisiloelezeka, kisha vikaanza kutanuka na kupoa. Mmoja wa watu wa kwanza kulieleza jambo hilo alikuwa kasisi wa Ubelgiji, Georges Lemaître, katika maandishi yake ya mwaka 1927 na 1931. Katika muda ule wa kwanza nuru ilikuwako tele, lakini haikuweza kwenda mbali. Ilikuwa ikigongana na chembe ndogo ziitwazo elektroni, ikitupwa huku na huku. Ni kama taa za gari katika ukungu wa Limuru alfajiri: taa zawaka, lakini dereva haoni mbele.

Ilipotimia miaka kama 380,000, joto lilikuwa limeshuka hadi karibu digrii 3,000. Elektroni zikashikana na viini, zikawa atomi za haidrojeni na heliamu. Ukungu ukaondoka, na nuru ikapata njia ya kwenda zake.

Mtu angedhani kwamba tangu siku hiyo kukawa kweupe. Sivyo hata kidogo. Nuru ile iling'aa kwa rangi ya kaa la moto, lakini kadiri ulimwengu ulivyotanuka, mawimbi yake nayo yalivutwa yakawa marefu, hata jicho kama letu lisingeweza kuyaona. Na nyota zilikuwa bado hazijakuwako. Hapakuwa na jua wala mwezi, wala kimulimuli kimoja cha mbinguni. Hali hiyo iliendelea kwa miaka milioni 100 au zaidi. Huo ndio muda wanaouita Enzi za Giza za ulimwengu.

Sasa twauliza: je, katika miaka hiyo yote hapakuwa na kazi iliyofanyika? Wataalamu wajibu kwamba kazi kubwa ilifanyika. Mwaka 1989 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho COBE ili kipime mabaki ya nuru ile ya kale, na mwaka 1992 walitangaza walichokiona. Nuru hiyo hailingani kabisa kila mahali. Zipo tofauti ndogo sana, kama sehemu moja katika 100,000. Fikirini maji yenye kina cha mita 100, ambayo juu yake pana viwimbi visivyozidi milimita moja. Tofauti ndogo namna hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu. Mahali palipokuwa na vitu vingi kidogo kuliko pengine palivuta vingine kwa nguvu za uvutano. Navyo vilipoongezeka, vikavuta zaidi. Kazi hiyo iliendelea gizani bila sauti, kidogo kidogo, hata gesi ikakusanyika, ikagandamana, ikapata joto, na nyota za kwanza zikawaka.

Darubini iitwayo James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, imekwisha kuona makundi ya nyota yaliyokuwa yakiwaka ulimwengu ulipokuwa bado haujatimiza miaka milioni 300. Nyota hizo za mwanzo zilifanya kazi ambayo bila hiyo sisi tusingekuwako. Mwanzoni vilikuwako haidrojeni na heliamu, pamoja na vitu vingine vichache sana. Ni ndani ya nyota vilimopikwa kaboni, oksijeni na chuma. Ndugu msikilizaji, chuma kilicho katika jembe lako, na kile kilicho katika damu yako, kilipikwa katika tanuri ya nyota. Na tanuri hizo zilitayarishwa gizani.

Tena nuru ile ya kwanza haikuzimika. Mwaka 1964 wanaume wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakitumia antena kubwa huko New Jersey, Marekani. Wakasikia mvumo mdogo usiokoma, mchana na usiku, kutoka kila upande wa mbingu. Walikagua nyaya, wakawafukuza njiwa waliojenga kiota ndani ya antena, wakasafisha mavi yao, lakini mvumo haukuondoka. Mwaka 1965 ikajulikana kwamba walikuwa wakipokea mabaki ya nuru ile ya kale, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Wale wanaokumbuka televisheni za zamani watakumbuka zile chenga zilizoonekana kituo kisipopatikana. Sehemu ndogo ya chenga hizo, kama moja katika mia, ilitoka katika nuru hiyo. Watu walikuwa nayo sebuleni, nao hawakujua.

Na kwa kuwa tunazungumza kwa redio, tuongeze neno moja. Haidrojeni iliyokuwako katika giza lile hutoa wimbi lake dogo la redio, lenye urefu wa sentimita 21. Leo wimbi hilo, likiwa limetoka mbali namna ile, limevutwa likawa la mita kadhaa. Yale ya wakati wa kupambazuka yanaangukia karibu na masafa yale yale ya redio zetu za FM. Ndiyo sababu wataalamu wamejenga antena zao katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, na katika nyika za magharibi mwa Australia, mbali na miji na vituo vya utangazaji, ili wategee sikio. Tazameni jambo hilo. Hata giza la mwanzo wa ulimwengu lina sauti yake, na mwenye kutaka kuisikia lazima aondoke penye kelele.

Hapa twapenda kutoa tahadhari. Wapo wanaosikia habari hizi na mara moja kukimbilia sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, wakiitafuta kila hesabu ya wataalamu katika kila aya. Tusifanye hivyo. Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa ili kutufundisha umri wa haidrojeni, na hesabu za wataalamu zaweza kurekebishwa kesho wakipata chombo kilicho bora zaidi. Imani yetu haitegemei darubini. Lakini jambo moja twaweza kulisema bila woga. Mwandishi wa Mwanzo aliliona giza juu ya vilindi, na mahali hapo hapo alimwona Roho wa Mungu akiwa kazini. Hakusema kwamba Mungu alifika giza lilipokwisha.

Kwa hiyo twaliona la kwanza: kinachoitwa giza si lazima kiwe utupu. Sasa tushuke duniani.

Jina la enzi za giza katika historia ya Ulaya lilianzaje? Mmoja wa watu waliolipanda wazo hilo ni Petrarch, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1374. Yeye aliwapenda mno waandishi wa Roma ya kale, na alipotazama karne zilizofuata kuanguka kwa Roma aliona giza tupu. Baadaye, mwaka 1602, mwanahistoria wa Kanisa la Roma, Caesar Baronius, alizungumza juu ya karne ya giza, kwa sababu alikuta waandishi wa wakati huo ni wachache mno. Angalieni sababu zao. Mmoja aliita wakati giza kwa kuwa hakuwapenda watu wake, mwingine kwa kuwa hakupata karatasi zao. Giza la namna hiyo, wapenzi, liko katika jicho la mtazamaji.

Maana katika karne hizo hizo palikuwa na watu kazini. Katika nyumba ya watawa ya Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, mtu aitwaye Bede alimaliza mwaka 731 kitabu chake cha historia ya kanisa la Waingereza. Huko Baghdad, katika karne ya tisa, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho kwacho tumepata jina la aljebra. Kule Misri, miaka kama elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham alichunguza nuru yenyewe, akaonyesha kwamba jicho haliangazi vitu, bali huona kwa kupokea nuru inayotoka kwenye vitu. Hapa kwetu pwani, watu wa Shanga katika kisiwa cha Pate walikuwa wakijenga na kufanya biashara na nchi za ng'ambo tangu karne ya nane.

Sisi Waprotestanti nasi tuna deni kwa watu wa giza hilo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kabla ya Matengenezo kanisa lilikuwa katika usiku, na mji wa Geneva uliweka katika ngao yake maneno ya kusema kwamba baada ya giza imekuja nuru. Ni kweli kwamba yalikuwako maovu mengi ya kutengenezwa. Lakini mwaka 1516 Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kiyunani, lile ambalo toleo lake la pili Luther alilitumia kufasiri kwa Kijerumani, alilichukua kutoka wapi? Alilichukua katika nakala zilizoandikwa kwa mkono, nyingi zake za karne ya 12. Watu ambao majina yao hatuyajui walikaa katika vyumba vya baridi, wakanakili herufi baada ya herufi. Pasipo wao, watengenezaji wa kanisa wasingekuwa na kitabu mkononi. Nuru tunayojivunia ilihifadhiwa na watu tunaowaita wa giza.

Bibi zetu waliijua kazi hiyo. Usiku, kabla ya kulala, walikusanya makaa jikoni na kuyafunika kwa majivu. Mgeni akiingia usiku wa manane angesema moto umekufa. Alfajiri bibi alifukua, akapuliza, akaongeza vijiti, na chai ikapikwa. Majivu yale hayakuwa kifo cha moto. Yalikuwa ulinzi wake.

Tukija Afrika, habari hii yatuhusu kwa uchungu zaidi. Mwaka 1878 Henry Stanley alichapisha kitabu cha safari zake, akaiita Afrika bara la giza katika jina lake. Hata mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, profesa wa Oxford aitwaye Hugh Trevor-Roper alisema katika mihadhara yake kwamba Afrika ina historia ya Wazungu tu, na kwamba mengine yote ni giza. Wakati huo Bethwell Ogot, Mkenya aliyefariki mwaka 2025, alikuwa ameanza kuyakusanya masimulizi ya wazee wa Kijaluo. Walikuwako waliomwambia kwamba masimulizi ya mdomo si historia. Hakuacha. Kitabu chake juu ya Wajaluo wa kusini kilitoka mwaka 1967, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa ile kazi kubwa ya UNESCO ya kuandika historia ya Afrika. Giza la profesa yule halikuwa giza la wazee wa Nyanza. Wazee walikuwa wakiongea. Yeye hakuwa mahali pa kuwasikia.

Basi sisi tulio kanisani tuwe waangalifu. Husikika mara nyingi katika mahubiri kwamba Mungu alifika Afrika kwa merikebu ya wamisionari. Twawashukuru wamisionari, na baada ya kitambo tutamtaja mmoja wao. Lakini Mtume Paulo, alipozungumza na watu wa Listra, aliwaambia kwamba Mungu hakuwahi kuliacha taifa lolote bila kushuhudiwa, kwani mvua na mavuno yao yalitoka kwake. Tena Injili yenyewe ilikuwa imefika Afrika mapema. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia, alimpokea Kristo katika karne ya nne, kabla Augustino wa Canterbury hajafika Kent mwaka 597. Augustino mwingine, yule wa Hippo, ambaye Luther na Calvin walimsoma sana, alikuwa mtu wa kaskazini mwa Afrika, akafariki huko mwaka 430. Mwenye kusema kwamba bara hili lote lilikuwa giza awauliza hao kwanza.

Lakini sasa tugeuke upande wa pili, maana haifai kutoka kosa moja na kuingia jingine. Kuna giza lililo la kweli, na mtu asiliite nuru.

Mwaka 536 mlima wa volkano ulilipuka upande wa kaskazini wa dunia, na vumbi lake likaenea angani. Mwandishi Procopius, aliyeishi wakati huo, alieleza jinsi jua lilivyofifia mwaka mzima likawa kama mwezi. Mavuno yaliharibika katika nchi nyingi. Volkano nyingine ikalipuka mwaka 540, na mwaka 541 ikaja tauni iliyoua watu wengi sana katika nchi za Bahari ya Kati. Mtu aliyezika wanawe mwaka ule hakuwa gizani kwa sababu ya jicho la mwanahistoria. Alikuwa gizani kweli. Asingefarijiwa na mtu wa kumwambia kwamba giza halipo.

Tena kuna giza linalovaa nguo za nuru, nalo ndilo la kutisha kuliko yote. Watu wa Ulaya waliipa karne ya 18 jina la Enzi ya Nuru, kwa sababu ya elimu na falsafa zilizostawi. Hiyo ndiyo karne ambayo biashara ya kuwapeleka Waafrika utumwani ng'ambo ya Atlantiki ilifikia kilele. Jumla ya waliopakiwa merikebuni katika miaka yote ya biashara hiyo hukadiriwa kuwa kama milioni 12.5, na kati yao zaidi ya milioni 6 walipakiwa katika karne hiyo moja. Wengine katika wenye merikebu walikuwa waenda kanisani. Na sisi hatuna haki ya kuinua shingo, kwa maana huku kwetu pia walikuwako waliowauza jirani zao, na misafara ya watumwa ilishuka hadi pwani yetu. Bwana Yesu, katika mahubiri ya mlimani, alionya kwamba yale tunayoyahesabu kuwa nuru ndani yetu yaweza kuwa giza, na hapo giza ni kubwa mno. Basi jina la enzi si kipimo. Kipimo ni namna tulivyomtendea mtu mdogo aliyekuwa mikononi mwetu.

Kwa hiyo tumeona giza la namna tatu. Liko giza la jicho la mtazamaji, ambalo huponywa kwa unyenyekevu na kusikiliza. Liko giza la uovu na msiba, ambalo halistahili kupambwa, bali kuliliwa, kukemewa na kupigwa vita. Na liko giza la kukusanya, kama lile la mbinguni kabla ya nyota, ambamo kazi yafanyika bila kuonekana. Taabu yetu ni kwamba mtu aliye ndani ya giza hawezi sikuzote kutambua yuko katika lipi.

Tuyatazame Maandiko. Kati ya nabii Malaki na kuzaliwa kwa Bwana wetu ilipita miaka kama 400, na katika Biblia yetu ni kufunua ukurasa mmoja tu. Husemwa kwamba Mungu alikuwa kimya. Lakini katika miaka hiyo Wayahudi walitawanyika katika miji mingi na kujenga masinagogi. Kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo, huko Alexandria, Maandiko ya Kiebrania yalianza kutafsiriwa kwa Kiyunani, lugha iliyoeleweka nchi nyingi. Paulo alipoanza safari zake, katika miji mingi aliyoingia alikuta sinagogi la kuanzia na Maandiko ya kufungua. Nani aliyemtayarishia? Ile miaka ya kimya ndiyo iliyomtayarishia.

Mkumbukeni Eliya chini ya mti na kisha pangoni. Alimwambia Mungu kwamba amebaki peke yake. Mungu hakumkemea kwa kuchoka. Alimlisha kwanza, akamwacha alale. Kisha akampa hesabu ambayo Eliya hakuwa nayo: watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Giza la Eliya lilikuwa na watu ndani yake.

Na tumtaje yule mmisionari tuliyemwahidi. Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amewazika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka 1844, muda mfupi baada ya kufika. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, jambo ambalo Wachaga walilijua tangu zamani za mababu zao. Alipoandika habari hiyo, wasomi fulani wa Ulaya ambao hawakuwahi kufika walimkatalia. Lakini hilo si jambo kubwa la maisha yake. Kubwa ni kwamba alikaa huku miaka 29, na kanisa alilolichunga Rabai lilikuwa la watu wachache sana. Aliandika kamusi za lugha zetu. Macho yake yakafifia, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu. Mwaka uliofuata akafariki. Kwa macho ya hesabu, kazi yake haikuwa na nyota hata moja. Ninyi mnaotusikiliza jioni hii, mkiwa na nyimbo na Biblia katika lugha zenu, mwaweza kusema wenyewe kama kulikuwa na kitu kilichokuwa kikikusanyika katika giza lile.

Sasa twasema nawe, mama, uliyemwombea kijana wako mwaka baada ya mwaka naye angali katika ulevi. Twasema nawe, baba, uliyeachishwa kazi, unayeondoka nyumbani asubuhi ili watoto wasijue kwamba huna pa kwenda. Twasema nawe, binti, uliyepokea habari mbaya kutoka hospitali, na umefunga mlango ili usiulizwe. Hatuwezi kukuambia kwamba giza lako ni la kukusanya na kwamba kesho nyota itawaka. Hatujapewa kujua hilo, na anayekuahidi kwa malipo ya sadaka anakudanganya. Laiti tungekuwa nawe hapo, tungekaa kimya kidogo kwanza, kama rafiki za Ayubu walivyokaa siku saba kabla hawajaharibu kwa maneno mengi.

Lakini haya matatu twaweza kukuambia. La kwanza, usikubali mtu mwingine akuhukumu kwamba u mtupu kwa sababu haoni kitu kwako. La pili, kama giza lako limeletwa na uovu wa mtu, usiliite mapenzi ya Mungu. Liseme kwa mzee wa kanisa, kwa jirani mwaminifu, kwa chifu, kwa polisi ikibidi. Kuvumilia dhuluma si kusubiri alfajiri. La tatu, Mungu haogopi giza. Musa alipopanda mlimani, watu walisimama mbali, naye akalikaribia lile wingu zito jeusi, kwa kuwa Mungu alikuwamo. Yohana naye, aanzapo Injili yake, hakani kwamba giza lipo. Aonyesha tu kwamba nguvu zake hazitoshi kuizima nuru.

Nasi sote tulio kanisani tuna kazi ya kufanya wiki hii. Yupo mzee kijijini kwako ambaye hakuna amwulizaye kitu tena. Nenda umketi karibu, umwulize habari za siku zake, usikilize mpaka mwisho. Yupo jirani aliyeacha kuja ibadani. Usimwulize kwa nini haonekani. Mpelekee unga, au kuni, ukae naye. Huenda moto wake haujafa, umefunikwa majivu tu, nao wangoja mtu wa kupuliza kwa upole.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, kwako usiku na mchana ni sawa. Twakushukuru kwa nuru tunayoiona na kwa ile tusiyoiona. Utusamehe tulipowaita wengine watu wa giza bila kuwasikiliza. Ututie nguvu za kulikataa giza la dhuluma, na subira katika giza la kungoja. Uwe karibu na kila mmoja anayelia usiku huu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena. Mungu awabariki, awape usiku mwema.